Superman Mhamiaji: Watu Wanabishania Hotuba, Siasa Yenyewe Iko Kwenye Ngumi

Kelele za Superman ya dairekta James Gunn zilianza hata kabla muvi haijaingia kumbini. Siku chache kabla ya tarehe 11 Julai 2025 Gunn aliongea na gazeti la The Times la Uingereza akasema Superman ni hadithi ya Marekani, ya mhamiaji aliyetoka kwingine akaja kuishi pale, na kwamba kwake yeye zaidi ni hadithi ya utu wa kawaida ambao watu wameupoteza. Kauli hiyo tu ikatosha. Fox News wakaibandika muvi jina la "Superwoke", yani imejaa siasa za kushoto, Dean Cain ambaye aliigiza Superman kwenye tamthilia ya mwaka 1993 mpaka 1997 akalalamika kwamba Hollywood wanamgeuza mhusika, halafu Agosti akatangaza anajiunga na ICE, ile idara ya Marekani inayokamata wahamiaji na kuwarudisha makwao, yani Superman mstaafu anaenda kukamata wageni, ungeandika hivyo kwenye skripti wangekurudishia. Ikulu ya Marekani nayo ikaposti picha ya Trump kavalishwa nguo za Superman. Upande wa pili watu wakaitazama Boravia, nchi ya kubuni yenye jeshi la kisasa na urafiki na Marekani ambayo inaivamia jirani yake maskini Jarhanpur, wakasema hii ni Israel na Gaza kabisa, Gunn akajibu kwamba wakati anaandika hakuwa anaiwazia vita hiyo. Mpaka leo ukiigusa mada hii kwenye grupu lolote la wapenda muvi hamlali.

Mimi naona ubishi wote huu umepiga kambi mahali ambapo siasa ni kidogo. Wanaochukia wanasema siasa zimeingizwa kwa nguvu, wanaopenda wanasema safi sana ujumbe umefika, na wote wawili wanakubaliana bila kujua kwamba siasa ya muvi ni yale maneno anayoyasema stelingi na yale anayoyasema dairekta kwenye intavyuu. Hotuba ni sehemu rahisi kuliko zote, inaandikwa siku ya mwisho na inafutika siku ya mwisho. Siasa ya muvi za masupahiro inakaa kwenye mpangilio wenyewe wa hadithi, nani anaruhusiwa kutumia nguvu bila kumuuliza mtu, nani anatakiwa ajieleze, nani anakaa tu kwenye skrini akisubiri kuokolewa, na mwenye malalamiko ya haki anaishia wapi. Ukiangalia hapo utashangaa, muvi inayoitwa ya mrengo wa kushoto na ile inayoitwa ya kizalendo mara nyingi zinakufundisha kitu kile kile.

Hili la kwamba siasa zimeingizwa juzi halina hata haja ya kulipigania sana, linakufa lenyewe ukifungua kurasa za zamani. Superman wa kwanza alitoka kwenye jarida la Action Comics namba 1, Juni 1938, kazi ya vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao wazazi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya, na haki zote waliziuza kwa dola 130. Na Superman yule hakuwa anapigana na majitu ya anga za mbali. Kwenye toleo hilo hilo la kwanza anamtwanga mwanaume anayempiga mkewe na anamfuatilia mshawishi mmoja wa Washington anayemrubuni seneta. Toleo linalofuata ni tajiri wa silaha anayechochea vita ili auze mali yake, la tatu ni mwenye mgodi ambaye hajali usalama wa wachimbaji, Superman anamfungia humo humo mgodini na wageni wake wa sherehe ili waone wenyewe hali ilivyo. Mwaka 1939 anabomoa vibanda vya maskini ili serikali ilazimike kujenga nyumba za maana. Mwaka 1946 kwenye redio akapambana na kikundi kilichofananishwa waziwazi na Ku Klux Klan. Na Captain America wa Joe Simon na Jack Kirby, ambao nao walikuwa Wayahudi, alimpiga Hitler ngumi ya taya kwenye jalada la toleo la kwanza lililoingia madukani Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, kipindi ambacho Wamarekani wengi walikuwa wanasema vita ya Ulaya haiwahusu. Kwa hiyo anayesema zamani zilikuwa burudani safi zisizo na siasa, anachokumbuka ni utoto wake tu.

Ila angalieni vizuri hapo, maana hata wanaopenda siasa hizo wanapitiliza. Yule Superman wa 1938 anayewatetea wanyonge anafanyaje kazi? Anavunja milango, anateka watu, anawatisha mpaka wakiri, na hakuna mahakama popote. Malengo yake tungeyaita ya kushoto, njia yake ni ya mtu mwenye nguvu ambaye hana wa kumjibu. Hiyo mbegu ilikuwepo tangu toleo la kwanza na haijawahi kutoka.

Sasa kuna hoja dhaifu kuliko zote ambayo ndo inapendwa kuliko zote, ya kwamba jamani hizi ni muvi tu, watu wanapaa angani, wewe unatafuta siasa za nini. Kama ni burudani tu basi wa kwanza kuambiwa wawe Pentagon, maana wao wanazichukulia serious kuliko mimi. Wizara ya ulinzi ya Marekani ina ofisi kabisa ya kushughulika na Hollywood, utaratibu wake unajulikana miaka mingi, unapeleka skripti, wanaisoma, wakiridhika na jinsi jeshi linavyoonekana wanakupa kambi, ndege na wanajeshi wa kuigiza kwa gharama ambayo ungetafuta mwenyewe ungefilisika, wasiporidhika wanaomba ubadilishe au wanakunyima. Iron Man ya 2008 ilipata msaada huo na ikapigwa kwenye kambi ya jeshi la anga ya Edwards. Captain Marvel ya 2019 ilisaidiwa na jeshi la anga kiasi kwamba ndege za maonyesho za jeshi zilipita juu ya uzinduzi wake. Ila kwenye The Avengers ya 2012, na hapa ndo patamu, ushirikiano ulivunjika. Phil Strub aliyekuwa anaongoza ofisi hiyo alieleza kwamba walishindwa kuelewa SHIELD, lile shirika la kijasusi la ndani ya muvi, lina mahali gani kwenye mfumo, linamjibu nani, na je jeshi la Marekani liko chini yake au vipi. Yani katika mamilioni ya watu walioiangalia The Avengers, aliyeuliza swali la maana kuliko wote, kwamba hawa watu wanaripoti kwa nani, alikuwa afisa wa Pentagon. Sisi wengine tulikuwa tunamshangilia Hulk.

Turudi kwenye Iron Man maana pale mpangilio unaonekana kwa macho. Kwenye vitabu vya katuni Tony Stark alizaliwa Machi 1963 na alitekwa Vietnam, muvi ya 2008 ikamhamishia Afghanistan, kwa hiyo vita ikibadilika mhusika anahama nayo. Muvi yenyewe inajisifu kwamba inapinga biashara ya silaha, Stark anaona mabomu yake mikononi mwa wauaji, anarudi nyumbani anatangaza kampuni haitengenezi silaha tena. Hotuba nzuri kabisa. Alafu nenda kwenye ile sini ya kijiji cha Gulmira. Wapiganaji wameingia kijijini wanatenganisha familia, wanaume wanaburutwa, Stark anashuka kutoka angani na suti yake, anawashughulikia kadhaa, waliobaki wanawashika wanawake na watoto na kuwawekea bunduki kichwani. Stark anashusha mikono kama anayesalimu amri. Ndani ya kofia tunaona anachokiona yeye, kompyuta inachora alama juu ya kila mtu, huyu raia, huyu adui, huyu raia, sekunde moja, vishimo vinafunguka mabegani, risasi zinatoka zote kwa pamoja na kila mwenye bunduki anaanguka, hakuna mateka hata mmoja aliyekwaruzwa. Kiongozi wao anamvuta kutoka nyuma ya ukuta anawatupia wanakijiji, anawaambia ni wenu huyu, anapaa zake.

Ukumbi mzima unapiga makofi na mimi nilipiga. Lakini hebu ona nini kimeuzwa pale. Mtu aliyetangaza kuacha silaha ametengeneza silaha kubwa kuliko zote na akabaki nayo peke yake, na kosa la silaha za zamani lilikuwa kwamba zimeangukia kwa watu wasiofaa. Na ile kompyuta inayojua kwa sekunde moja nani raia nani adui ndo ahadi yenyewe waliyokuwa wanaahidiwa watu wa Afghanistan, Pakistan na Somalia miaka hiyo hiyo kuhusu droni, na wao wanajua ahadi hiyo ilivyowatokea. Wanakijiji wa Gulmira hatujaambiwa jina hata moja, hakuna anayeulizwa kitu, kazi yao ni kukaa chini ya bunduki na kisha kushukuru. Muvi inapinga vita mdomoni, mpangilio wake unasema vita ni safi kama anayeshika kitufe ana moyo mzuri.

The Dark Knight, ya mwaka huo huo 2008, inacheza mchezo ule ule kwa ujanja zaidi. Batman anageuza simu za Gotham nzima kuwa vinasa sauti ili ampate Joker, Lucius Fox, msaidizi wake wa mitambo, anamwambia kupeleleza watu milioni 30 haimo kwenye kazi yake, mtambo ukiendelea kuwepo yeye anaacha kazi. Muvi inaonekana kama inakemea. Sasa mtambo unafanya nini? Unafanya kazi vizuri kabisa, Joker anapatikana, alafu unajilipua wenyewe, mkosaji kaacha kwa hiari yake. Miaka 5 baadaye Edward Snowden, aliyevujisha siri za upelelezi wa Marekani, akawaonyesha watu kwamba mitambo ya namna hiyo ikishajengwa hakuna anayeilipua.

Kuna kanuni nyingine ambayo ukishaiona huwezi kuacha kuiona tena. Hawa maadui wa miaka hii si vichaa, wanakuja na malalamiko ambayo ukiyasikiliza unatikisa kichwa kukubali, na waandishi wanajua unakubali, kwa hiyo kabla hujazama sana wanampa adui kitendo cha kikatili ambacho hakihusiani na hoja yake ili umwache. Zemo wa Captain America: Civil War familia yake imekufa chini ya vifusi vya vita vya masupahiro kule Sokovia, nchi ya kubuni, ana haki ya kuuliza nani anawajibika, basi analipua jengo la mkutano Vienna na kuua watu. Kumbuka mwanzoni mwa muvi hiyo kuna tukio la Lagos, na mlipuko unaoua wafanyakazi wa misaada wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, ndo unafanya nchi 117 zisaini mkataba wa kuwaweka masupahiro chini ya Umoja wa Mataifa. Hoja nzito kweli hiyo, na kwa haki muvi inamwachia Tony Stark aitetee. Ila anayesimama upande wa kukataa kudhibitiwa ni Captain America mwenyewe, na muvi inavyoendelea kila anayeutaka mkataba anaonekana ama katapeliwa ama ana visasi. Na mkataba wenyewe uliishia wapi? Mwaka 2022 kwenye She-Hulk, tamthilia ya kuchekesha, tunaambiwa kwa sentensi moja tu kwamba ulishafutwa. Nchi 117 hizo. Karli Morgenthau wa The Falcon and the Winter Soldier, 2021, naye ni hivyo hivyo, anatetea wakimbizi wanaofurushwa, hoja safi, basi analipua jengo lenye watu waliofungwa ndani, anakufa, kisha Sam, stelingi wa tamthilia hiyo, anasimama mbele ya maseneta anawaambia inabidi mfanye vizuri zaidi ya hapo. Hoja yake ikabaki, yeye kaondolewa, na waliobaki kuitekeleza ni wale wale waliokuwa wanawafurusha.

Lakini mfano ambao unatuhusu sisi moja kwa moja ni Black Panther ya 2018, na huu siwezi kuupita haraka. Mhusika alitungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, miezi michache kabla chama cha Black Panther hakijaanzishwa Oakland, na muvi ikaongozwa na Ryan Coogler ambaye ni mtoto wa Oakland, na inaanzia na kuishia Oakland, kwa hiyo hakuna kilichokaa pale kwa bahati. Februari 2018 Kisumu ilipata uzinduzi wake kwa sababu ya Lupita Nyong'o, watu wakavaa vitenge na kanzu kuingia sinema. Aprili mwaka huo huo Saudi Arabia ilipofungua ukumbi wa sinema Riyadh baada ya takriban miaka 35 bila kumbi, muvi ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa hiyo. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mtu akisema uwakilishi hauna maana mimi nitambishia, kuona mji wa Kiafrika ambao haujawahi kutawaliwa, wenye treni na maabara na malkia na majenerali wanawake, bila njaa wala mzungu wa msaada, kulibadilisha kitu kwa watoto wengi na kwa wazee pia.

Sasa ndani ya muvi hiyo mwenye hoja ni nani? Ni Killmonger, adui wa muvi. Anasema nyie mmekaa na madini na teknolojia miaka yote hii wakati watu weusi dunia nzima wanauzwa, wanatawaliwa, wanauawa, na mkajificha. Hakuna mtu Wakanda aliyemjibu, hata T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther, anaenda kumpigia kelele baba yake kwenye ulimwengu wa mababu kwamba mlikosea. Kwa hiyo inabidi Killmonger amuue mpenzi wake mwenyewe kama kuku, amkabe koo mama mtu mzima anayetunza bustani, aichome bustani takatifu. Ukishamwona anafanya hayo huwezi tena kumfuata. Na nani anamzuia asipeleke silaha nje kwa waliogandamizwa? Everett Ross wa CIA, anakaa kwenye kiti, anaendesha ndege kwa rimoti, anazilipua ndege zilizobeba silaha, na sisi tunamshangilia. Afisa wa CIA, kwenye nchi ya Kiafrika yenye madini adimu kuliko yote duniani, ndo mtu mwema. Jamani. Mtu wa Lubumbashi akiangalia hiyo sini anafikiria nini? Sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko huko Kongo. Mwaka 1960 CIA ilipeleka sumu Leopoldville, Kinshasa ya leo, ya kumuulia Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, hilo sio la vijiweni, liliandikwa na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe mwaka 1975, na Lumumba akauawa Katanga hiyo hiyo Januari 17, 1961, mikono ya Wabelgiji ikiwemo. Kinachonichanganya ni kwamba muvi inalijua hili. Ross mwenyewe ndo anayeeleza kwamba Killmonger amefundishwa na Wamarekani namna ya kuangusha serikali za watu, kupiga pale uongozi unapobadilishana. Wamelisema, alafu wamemkabidhi usukani yule yule. Na mwisho wa yote T'Challa anafungua kituo cha kusaidia jamii Oakland na anaenda Umoja wa Mataifa kutoa hotuba. Hoja ya Killmonger iliyokuwa ya mapinduzi imekuwa mradi.

Wapo watakaonijibu kwamba watazamaji sio wajinga, na hii ndo hoja nzito kuliko zote upande wa pili, mimi mwenyewe naikubali zaidi ya nusu. Watu wengi walitoka Black Panther wakisema Killmonger alikuwa sahihi, muvi iliwapa hitimisho wao wakachukua lingine. Hong Kong kulikuwa na mwandamanaji aliyezoeleka kwa ngao ya Captain America mpaka akaitwa Captain America 2.0, mwaka 2021 akahukumiwa kifungo kwa sheria ya usalama wa taifa kwa kaulimbiu alizokuwa anapiga hadharani. Hiyo ngao haikutengenezwa kwa ajili ya Hong Kong. Na ukija kwetu ndo kabisa, maana kizazi kizima hapa hakikuziangalia muvi hizi kama zilivyotengenezwa, kiliziangalia kibanda umiza na sauti ya DJ juu yake, Lufufu huku Tanzania, DJ Afro Kenya, maVJ Uganda, na DJ hatafsiri, anatunga, anampa adui jina la mtaani, anamtukana rais wa kwenye muvi kwa namna ambayo kila aliyekaa kwenye benchi anajua ni rais gani hasa anayetukanwa. Muvi ya jeshi la Marekani ikitoka mdomoni kwa DJ imeshakuwa kitu kingine.

Lakini uhuru huo wa kusoma unaenda pande zote. Lile fuvu la Punisher, mhusika ambaye ni muuaji aliyeshindwa na maisha, limebandikwa kwenye magari ya polisi na sare za wanajeshi wa Marekani mpaka mtunzi wake Gerry Conway akalalamika hadharani, na Januari 6, 2021 lilionekana kwenye umati uliovamia bunge lao. Hao nao ni watazamaji, wamesoma wanavyotaka. Alafu angalia tofauti iliyopo kati ya kubadilisha maneno na kubadilisha mpangilio. DJ anaweza kubadilisha kila kitu anachokisema stelingi isipokuwa kitu kimoja, stelingi atabaki stelingi, hafi, haulizwi, na umati utabaki umati. Hiyo haitafsiriki.

Ndo maana naona Superman ya 2025 watu wameikosea, maana ina sini moja inayogusa donda lenyewe na hakuna anayeizungumzia. Lois Lane, mwandishi wa habari, anamwambia mpenzi wake Clark, ambaye ndiye Superman akivua suti, ampe intavyuu kama Superman, wako ndani kwake tu, mwanzoni ni mzaha wa wapenzi. Anawasha kinasa sauti anaanza kumbana. Uliingia Boravia ukazuia uvamizi, ulimuuliza nani? Uliwasiliana na rais wa Marekani? Watu wanaona uliiwakilisha Marekani, unajua hilo? Clark anasema hakumwakilisha mtu yeyote ila yeye mwenyewe na kutenda mema. Inatoka pia kwamba alimbeba rais wa Boravia akampeleka jangwani akambana kwenye mti wa miiba akamwonya. Lois hapandishi sauti, anauliza tu kama mwandishi, na Clark ndo anapaniki, anasimama, anafoka kwamba watu wangekufa. Ni kama dakika kumi za mazungumzo na ndo siasa nzito kuliko yote niliyoyaona kwenye muvi za aina hii, maana kwa mara moja mwenye nguvu ameulizwa swali na mtu asiye adui, asiye mnafiki, anayempenda kabisa.

Kisha muvi inakimbia. Swali la Lois halijibiwi, linafunikwa. Inaonekana kumbe vita yote ilikuwa mpango wa Lex Luthor, tajiri adui wa Superman, anayeiuzia Boravia silaha na kuahidiwa nusu ya Jarhanpur, kwa hiyo Superman alikuwa sahihi, na ukiwa sahihi nani atakuuliza ulipata wapi ruhusa. Watu wa Jarhanpur wamesimama jangwani na fimbo na makoleo mbele ya vifaru, mtoto anainua bendera yenye nembo ya Superman, wanaliita jina lake. Wanangoja. Mwisho wanaokuja ni masupahiro wenzake, na mmoja wao, Hawkgirl, anambeba rais wa Boravia juu angani na kumwachia. Rais wa nchi, kauawa na mtu binafsi, na ukumbi unacheka kwa sababu kweli jamaa alikuwa mshenzi. Wanaosema muvi ni ya kuwatetea Wapalestina sijui kama wamelifikiria hili, kwamba watu wanaodaiwa kutetewa hawana kiongozi, hawana chama, hawana hoja yao wenyewe, hawana sentensi mbili mfululizo. Wana bendera tu, tena ya mtu mwingine.

Na hata hilo la uhamiaji lililoleta kelele zote, naona limesomwa juujuu. Muvi inaonyesha vizuri Superman anavyojisalimisha na kuambiwa kwamba kwa kuwa si wa dunia hii hana haki, anatupwa kwenye gereza la Luthor ambalo sheria haifiki. Hapo Gunn amepiga penyewe. Ila mhamiaji huyu anakubalika kwa sababu gani? Ana nguvu kuliko wote, ni mzuri wa sura, anafanana na wenyeji, anaokoa hadi kindi katikati ya mapigano, na hata wazazi wake halisi walipokutwa na ujumbe mbaya wa kuja kutawala yeye akawakana akabaki na waliomlea Kansas. Mhamiaji wa kweli, yule anayeosha vyombo Minneapolis au anayeendesha lori Texas, hana cha kuokoa. Kuna mmoja kwenye muvi anayemkaribia, Malik, muuza chakula mtaani ambaye alimsaidia Superman kunyanyuka alipoanguka, na Luthor anampiga risasi ya kichwa mbele ya Superman ili Superman aumie. Kifo chake ni habari ya Superman.

Kwa hiyo madhara yako wapi kama sio kwenye ujumbe? Nadhani yako kwenye mazoea ya kupima madaraka kwa moyo wa mtu. Ukiangalia hadithi hizi miaka 15 mfululizo unazoea kuuliza swali moja tu, je huyu ni mtu mwema, na ukijibiwa ndiyo unafunga daftari. Swali la nani anaweza kumzuia siku akibadilika linaonekana swali la makarani na maseneta wanafiki, kwenye muvi hao ndo wanaoliuliza siku zote. Ikulu ya Marekani walipoweka ile picha ya rais kavaa Superman hawakuipotosha hadithi hata kidogo, waliisoma inavyosomeka, mtu mmoja, nguvu nyingi, nia njema, msimsumbue. Na sisi huku tuna wagombea wanaojiuza hivyo hivyo kila uchaguzi bila hata kuwa na bajeti ya Marvel.

Alafu kuna vitu ambavyo aina hii ya muvi haina hata namna ya kuvionyesha. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha wakisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama, wakalipia kwa damu, na tarehe 26 Ruto akatangaza hatausaini. Jaribu kuiwaza hiyo kama muvi ya supahiro. Inabidi umchague mmoja kati yao umpe suti, waliobaki uwarudishe nyuma wawe watu wa kuinua bendera, na hapo umeshaiharibu.

Muendelezo wa Superman umepangwa kutoka Julai 2027, na safari hii Superman na Luthor watalazimika kushirikiana, Gunn ameshasema. Ubishi utarudi vile vile, ya kushoto, ya kulia, imeharibiwa, imetukomboa. Mimi nitakuwa nasubiri kuona kama Lois atawasha tena kile kinasa sauti, na kama safari hii kuna mtu wa Jarhanpur atapewa kiti.